Bakuku ya Abigaëlle Balikatala Kutaga

Kasaji, tarehe 14 mwezi wa ine 2024

Abigaëlle, bibi yangu wa mayayi,

Jambo. Jambo kwa bwana yako Stany, jambo kwa mutoto Marlène, jambo ata kwa ule jirani yako mwenye hakupende. Huku kwetu tuko bazima. Mi nilibakia na meno ine, lakini ni meno ya kazi, inapita makumi mbili na munane ya katekista Badibanga mwenye anakulaka uji tu. Mbuzi ya mama Honorine, ule mujane wa pembeni, ilikula kofia yangu ya treni. Honorine asema ilikuwa na njaa. Nikamuambia hapana, mbuzi yako iko na akili, ilitaka kupanda cheo. Akacheka. Ule mama akicheka, mi narudia kuwa kijana wa myaka makumi ine. Usikasirike, bibi yangu. Mujukulu njo bibi wa kwanza, bengine banafwata.

Tuingie mu mambo. Glodi wa lori alipita hapa na chumvi, akasema bakuku yako banakatala kutaga. Tangu ile siku Kasaji yote iko inaeleza ile habari, na bote banaieleza mubaya. Badibanga asema ni bulozi. Mulozi gani atamuacha mutu mwenye gari na nyumba ya gorofa, aende kuloga matako ya kuku? Honorine asema ni juu hauna jogoo. Uongo. Jogoo iko ya kuleta tutoto. Kwa mayayi ya kula, jogoo iko sawa mi kwa Honorine: kelele mingi asubui, lakini kazi inaendelea ata bila ye. Glodi asema ni kelele ya malori. Kweli, kuku haipende kushituka, lakini yako ilikomalia mu ile kelele, malori kwao ni sawa mama anaimba.

Sasa sikia mutu mwenye anajua. Mi nilitembeza treni myaka makumi tatu na moja, Kolwezi mupaka Dilolo, na ku kila gare, ku kila stesheni, nilinunua kuku. Kuku yenye nilipasula tumbo, ata Mungu aliacha kuhesabu. Mu tumbo ya kuku yenye kutaga kuko tuyayi ya manjano, tunashikana sawa zabibu. Ya kesho njo mukubwa, ya kesho kutwa iko nyuma, mupaka ile ya mwisho, sawa mbegu ya lengalenga. Ya kesho inakatika: treni inatoka. Gare ya kwanza haikawie. Gare ya pili banapakia bweupe, masaa tatu. Gare ya tatu banavalisha kangozi. Gare ya mwisho njo ya maganda, na pale treni inalala masaa makumi mbili, juu maganda inatoka mu chokaa ya chakula. Kama chokaa hakuna, kuku anaitosha mu mifupa yake mwenyewe. Safari yote inapita siku moja na saa moja, njo maana leo anataga saa mbili, kesho saa tatu, kesho kutwa saa ine, kisha siku ingine anapumuzika.

Treni haikwame bure. Kuko gare moja kwenye banafunga njia. Kazi yetu ni kutafuta ni gare gani.

Na sisi babili tunajua ile mambo haiko ya kucheka. Stany aliapa pa kaburi ya ndugu mukubwa yake Josias, mwenye udongo ya shimo ya madini ilimukula. Alisema: kama bakuku banalisha nyumba, mi sirudie tena chini. Nilikuwa pale, nilisikia. Basi mayayi ikikosa, shimo itamuita.

Niandikie yote: banakula nini, banakunywa nini, banalala namna gani.

Ni mi, Nkambo yako Kabemba, mashinisti


Kolwezi, tarehe 3 mwezi wa tano 2024

Nkambo, bwana yangu wa meno ine,

Jambo sana, na aksanti juu ya barua. Ilifika na vidole ya Glodi yenye mafuta ya samaki, Marlène akafikiri ni muhuri yako. Iko mu première ya masomo sasa. Anajua kuandika jina yake, anaiandika ku ukuta, ku mulango, ku kuku moja mweupe. Na ile kofia, Nkambo, mbuzi ilitumwa na Mungu. Ilikuwa inanuka tangu mi niko mutoto.

Bakuku biko makumi sita, bote pondeuses, ya kutaga. Mu mwezi wa kwanza nilikuwa naokota mayayi makumi tano, siku ingine makumi tano na mbili. Mama ya mikate pa kona alikuwa anachukua yote. Mwezi wa tatu ikakuwa makumi ine, kisha makumi tatu. Leo asubui, kumi na moja.

Nabalisha mahindi, soya, vumbi ya tusamaki ya kapenta na chokaa, vile balitufundisha wakati tulianza kufuga. Maji haikosake, najua kuku ikikosa maji siku moja, inakukasirikia siku nyingi. Habakohoe, macho iko safi. Lakini banakula kidogo sana. Banachokora chakula, kisha bananiangalia sawa bakwe wenye habapende bukari yenye nilipika. Na manyoya inaanguka, nyumba yao iko sawa mutu alipasula muto mo.

Courant ya umeme inakosa mingi tangu mwezi wa pili, taa yao haiwake.

Stany iko muzima, anakusalimia. Anafanya kazi ya hapa na pale. Anarudiaka na kuchoka, ananawa, analala. Anampenda Marlène.

Niambie ni gare gani, Nkambo. Mi naamini we.

Abigaëlle


Kasaji, tarehe 22 mwezi wa tano 2024

Bibi yangu wa kuku makumi sita,

Jambo. Jambo kwa ile kuku yenye iko na jina ya Marlène ku mugongo, usiichinje, iko mutu ya familia. Hapa Badibanga alianguka na kinga yake ya magurudumu mbili mbele ya batu ba misa. Asema alipiga magoti. Sisi bote tuliona njo kinga ilimupiga ye.

Nilifikiri mambo yako siku tatu, na kikopo ya munkoyo mbele yangu juu kichwa isikauke. Sikia hii, na uifiche, ata madaktari habaijue muzuri. Yayi haianzie mu tumbo. Inaanzia mu jicho. Mwangaza ikiingia mu jicho ya kuku masaa kumi na ine, kichwa inatuma habari ku tumbo: fungua gare. Sasa tunaingia mu baridi, siku iko inapunguka, na we courant yako inakosa. Bakuku banaona giza mbele ya kushiba, banasema: mwaka iliisha, tulale, tubadilishe manguo. Njo maana manyoya inaanguka.

Mwaka moja mashini yangu iliharibika pa gare ya Mutshatsha, mwezi wa sita, siku munane. Kila asubui mbele ya jua niliwasha ile taa ya mbele. Bakuku ya shefu ya gare bakaanza kutaga sawa banalipwa. Yayi ingine ilikuwa na manjano mbili ndani. Batu ba Mutshatsha bakaniletea kiti, wakati ile bakubwa benyewe balikuwa banasimama.

Tafuta taa ya jua, ile ndogo. Iwake asubui mapema, masaa mbili ao tatu mbele ya jua. Lakini usiiache iwake usiku yote. Kuku yenye hailale inakuwa sawa mutu mwenye halale: inagombana, inadonoa bengine, na mayayi haitoke.

Na kintu kingine. Unaandika Stany anafanya kazi ya hapa na pale. Hapa, mi napajua. Pale njo wapi?

Nkambo yako Kabemba, mashinisti mukubwa wa njia ya Dilolo


Kolwezi, tarehe 28 mwezi wa sita 2024

Nkambo yangu,

Jambo, na unisamehe juu nilikawia. Marlène alikuwa na kikohozi ya baridi, sasa iko muzima na anakulomba umutumie yayi yenye manjano mbili, juu nilimusomea. We utajua namna ya kumujibu.

Nilifanya yote ulisema. Niliweka taa ya jua. Siku kumi ya kwanza mayayi ilipanda, kumi na ine, kumi na saba, kumi na tisa. Nikaimba. Kisha ikashuka tena. Leo ilikuwa sita. Bakuku mbili balikufa, mumoja ilikuwa ile ya Marlène, nikamuambia ilienda kwako Kasaji. Basi ukisikia ameuliza, iko kwako.

Mama mumoja mwenye alisomea mambo ya bifugo alikuya kuangalia. Asema haiko ugonjwa ya kuambukiza. Aliuliza chakula. Nikamuambia chakula ni ile ile tangu mwanzo. Kintu moja tu njo ilibadilika, na ilibadilika kwa muzuri. Mbele nilikuwa nachunga chakula mu mapipa ya plastiki, panya bakatoboa yote. Tangu mwisho wa mwezi wa pili Stany ananileteaka saki, magunia ya nguvu, ya kushona muzuri, mu mwezi anaweza kuleta ata ine. Panya habawezi tena. Unaona, ata akiwa mbali, bakuku biko mu kichwa yake.

Swali yako niliisoma. Nitaijibu siku ingine, karatasi inaisha.

Abigaëlle


Kasaji, tarehe 16 mwezi wa saba 2024

Bibi yangu,

Jambo. Ambia Marlène kuku yake ilifika, iliteremuka ku lori na valizi, inalala ku kitanda yangu na mi nalala chini. Huku baridi iko mingi. Honorine alinipatia blanketi. Badibanga alisikia, akahubiri juu ya Sodoma.

Leo sitacheka mingi. Nitacheka kidogo, juu bila kucheka mukono yangu haiandike.

Unasema karatasi iliisha. Niliigeuza. Nyuma iko nyeupe, kuko nafasi ya kuandika mo jina ya batoto bote ba Yakobo. Basi ile swali sikuulize tena. Nakuuliza ingine. Ile saki, mbele ya kubeba mahindi ya bakuku, ilikuwa inabeba nini?

Nitakuambia namna najua. Zamani wagon yenye ilipeleka madini, kwa kurudia banaifagia mbiombio, banatia mo mahindi. Mahindi ingine inaanguka mu tundu za chini. Pa Mutshatsha kulikuwa mama mumoja, aliokota ile mahindi, analisha bakuku yake. Balikatala kula, bakaacha kutaga, manyoya ikatoka, bengine bakakufa. Batu bakasema bulozi, bakafukuza mama mukwe yake bure. Mi nilitia ile mahindi mu kiganja, nikaona kavumbi ya kijani, ile rangi ya shaba yenye haiyapikwa bado. Kwa mutu, ile kidogo haionekane. Kwa kuku ni mingi. Tumbo inamuwaka, anakatala chakula, na kuku yenye haikule, ata uiwekee jua mbili, haitage.

Sasa we uko na akili, utaniuliza: Nkambo, mashinisti anakaa mbele, mu kiti ya juu, anaangalia njia. Alionaka namna gani mahindi yenye kuanguka chini ya wagon ya kumi na mbili?

Mbele uulize, najibu. Sikukuwa mashinisti. Ata siku moja. Nilikuwa mutu ya kupakala mafuta ku magurudumu. Ku kila gare, wakati mashinisti anakunywa chai, mi niko chini na kopo ya mafuta, tumbo ku mawe. Myaka makumi tatu na moja, ile niliisema kweli. Taa ya mashini pa Mutshatsha, mwenye kuiwasha ni mwingine. Mi niliona tu mayayi. Kofia niliinunua ku soko.

Nkambo yako mwanamuke, Mujinga, nilimuoa na ile bongo, ile uongo. Kijana mwenye iko na mafuta mu makucha, baba ya binti hamupe kiti. Nikasema niko mashinisti, bakanipa kiti, bakanipa na Mujinga. Mwaka ya tano ya ndoa, kuku yake mwekundu ikanyamaza siku makumi mbili. Mujinga alikuwa anaenda kuangalia kitunga asubui na mangaribi, anarudia mikono wazi. Mi nikasema mu roho: ni ile bongo yangu, inakaa mu nyumba sawa moshi, kuku anaisikia. Siku ya yenga, kisha misa, kisha kula, nikamuita, nikamuambia yote. Asubui yake yayi ilikuwa mu kitunga, ingali moto. Tangu ile siku najua: kuku iko na masikio, haitage mu nyumba yenye bongo.

Bibi yangu, mutu mwenye hachimbe, saki ya kuchimbia anaitosha wapi?

Usimuulize. Siku ya yenga, kisha kula, geuza saki moja, ndani ikuwe inje, uikung'ute juu ya sahani nyeupe, mbele ya macho yake. Kisha umusomee hii barua yote, ata pale mi niko najivua nguo. Usiongeze neno.

Nkambo yako, Kabemba


Kasaji, tarehe 27 mwezi wa munane 2024

Abigaëlle,

Jambo. Glodi alipita mara mbili, mikono wazi. Nilimuuliza kama alikuona, asema aliona mulango yenu imefungwa, pengine mulikuwa ku misa. Ilikuwa siku ya tatu. Ni misa gani ya siku ya tatu?

Hapa sikuambia mutu. Honorine ananiuliza juu ya nini siongee, nilimuambia ni meno.

Kama Stany alikasirika juu yangu, ni haki yake. Mwambie mi niko muzee, na muzee anakosaka. Kama bakuku bote balikufa, si neno, niko na yangu saba, nitakutumia bote, ata ile ya Marlène nitaitafuta. Lakini kama alishuka na hakupanda tena, usinifiche. Nilikuwa pale siku ya Josias. Naweza kukuya. Treni ikikosa, nitapanda ku kinga ya Badibanga.

Andika ata neno moja.

Nkambo


Kolwezi, tarehe 15 mwezi wa kenda 2024

Nkambo, bwana yangu,

Jambo. Iko muzima. Naiandika ya kwanza juu upumuzike. Stany iko hapa mbele yangu, anapigilia misumari ku kisanduku ya kutagia mayayi, na anapiga mubaya.

Siku ya yenga, kisha kula, nilifanya vile ulisema. Niligeuza saki, nikaikung'uta ku sahani ya harusi yetu. Vumbi ikabakia pale, kijani, sawa unga ya majani ya sombe kavu. Stany akaiangalia. Mi nikaanza kusoma. Wakati nilifika ku valizi ya kuku na Sodoma alikuwa anatabasamu. Wakati nilifika pale unasema sikukuwa mashinisti, aliacha kula karanga. Nilisoma mupaka mwisho. Sikuongeza neno, na Nkambo, ile ilikuwa nguvu kuliko kuzaa.

Akatoka inje. Nikafikiri njo amekwenda. Akarudia na ile taa ya kufunga ku kichwa, akaiweka pembeni ya sahani. Kumbe ilikuwa inalala mu paa ya nyumba ya bakuku.

Alisema: "Nilirudia mu mwezi wa pili. Wakati bakuku balikuwa banataga muzuri."

Nilimuuliza, kama balikuwa banataga muzuri, ulifwata nini?

"Niliogopa. Shimo naijua. Lakini kuamka kila siku nione mayayi ya bibi yangu njo inanilisha, ile sikuijua."

Basi unaona, Nkambo. Mi miezi yote nilishuku anashuka juu mayayi ilikosa. Kumbe alishuka, njo mayayi ikakosa. Saki alizileta juu roho ilikuwa inamuluma, alitaka kunisaidia na kintu, na ile kintu njo ilikuwa inaua bakuku.

Siku ya pili nilitupa chakula yote. Nilifula bilishio na maji ya moto. Siku ya tatu Stany alichukua saki zote, akaenda kuaga benzake ba ku shimo. Nilifunga mulango, nikaenda kumungojea ku njia na Marlène, tangu asubui mupaka mangaribi. Njo ile siku Glodi alipita mara ya kwanza. Stany akarudia na chepeo yake ya kuchimbia ku bega. Sasa tunakorogea nayo mavi ya kuku.

Nilikatala kukuandikia mbio. Mara ya pili Glodi akipita nilimuona, nikajificha. Mu barua zangu zote nilikuwa nashuku ile kintu na siandike. Ile "hapa na pale" niliiandika mi mwenyewe. Basi nilisema, sitaandika tena mupaka Stany amalize mwezi muzima juu ya udongo, juu nisikuandikie bongo ingine. Alimaliza. Sasa anaingia mu mwezi ya pili.

Manyoya mupya ilitoka, bakuku biko sawa baarusi. Mayayi ilianza na tatu. Kisha kumi na mbili. Jana makumi ine na moja. Stany njo anaokota. Anaingia mo polepole, anaongea nabo, bananyamaza akiwa mulangoni kisha banalialia kidogo. Mama ya mikate alirudia.

Lakini kuko kintu, Nkambo. Tangu ile siku ya sahani, mi sijamujibu. Napika, anakula, tunaongea habari ya bakuku, ya Marlène, ya soya yenye ilipanda bei. Neno ya kumujibu sijaipata. Sijue kama nimusamehe ao nimupige na mwiko. Jana akaniambia: "Mwandikie Nkambo. Muulize, ile siku alimuambia Mujinga, Mujinga alijibu nini?"

Mu barua yako kuku inataga, lakini Mujinga hasemi kintu. Mi pia nataka kujua.

Abigaëlle, na Stany anaongeza jambo ku chini, na Marlène alichora kuku


Kasaji, tarehe 4 mwezi wa kumi 2024

Abigaëlle, bibi yangu,

Jambo. Jambo kwa Stany, mushika misumari kwa kichwa, si kwa kidole. Jambo kwa Marlène, ile kuku alichora iko na miguu ine, ni kuku ya faida, muichunge. Mvua ya kwanza ilinyesha hapa. Badibanga anatembea mu Kasaji yote anasema ni maombi yake ya siku kenda njo ilifungua bakuku. Nilimuacha. Mutu mwenye meno mingi anahitaji kintu ya kutafuna.

Makumi ine na moja. Niliisoma kwa nguvu, batu bakasimama ku njia.

Nilimuambia Honorine ile kazi yangu ya mafuta. Nilifikiri atanikimbia. Alisema alijua tangu zamani, juu mwenye kutembeza ile treni ilikuwa bwana yake marehemu. Nilikaa chini. Basi ule mama alinichekea myaka yote juu ya kofia, na alijua kichwa ya chini yake. Na alikuwa rafiki ya Mujinga. Sikumuuliza neno ingine. Niliogopa.

Munauliza Mujinga alijibu nini.

Nilikaa na ile swali siku kenda. Niliandika jibu moja, muzuri sana, Mujinga anacheka mupaka analia, ananipikia kuku. Niliipasula. Nikaandika ingine, Mujinga anaenda kwabo, mi namufwata na miguu siku mbili mu mvua. Ile ilikuwa muzuri kupita ya kwanza. Niliipasula pia.

Kuku mwekundu ilikuwako. Ilinyamaza kweli siku makumi mbili. Kisha manyoya yake ikarudia na ikataga, vile kuku yote inafanyaka, haikungoja mutu. Na siku ya yenga ilikuwako, kisha misa, kisha kula. Nilimuita kweli. Nikasema: "Mujinga." Akasema: "Sema." Nikasema chumvi ilikuwa mingi.

Njo yote. Myaka makumi tatu na munane kisha, ku kitanda ya hopitali, alikuwa anaambia ba-infirmière bamunawishe muzuri, juu ye ni bibi ya mashinisti. Bakaniangalia. Mi nilikuwa nasimama pale, kofia mu mikono. Pengine alikuwa anajua, na alikuwa ananichunga. Pengine hakujua. Ye mwenyewe siwezi tena kumuuliza.

Basi kuku haina masikio ya bongo. Ile niliitunga, na bankambo habakuisemaka. Saki tu njo ilikuwa mubaya. Mwambie Stany: shimo yake ilikuwa murefu kupita yangu, na ye alipanda. Mi nilibakia chini na kopo yangu, na nilikuwa natunga namna nilipanda.

Jibu ya Mujinga sina ya kukupa, bibi yangu. Tafuta yako. Mwite Stany, akisema "sema," usimuambie habari ya chumvi. Kisha uniandikie ulimuambia nini, ata kama ni mwiko. Nitaisoma sawa ni Mujinga ananijibu mi.

Nkambo yako, Kabemba